Mguu wa Jirani, Mapafu ya Bwana Yangu

Jumapili ile mguu ulipovunjika tulikuwa watu wazima sita mbele ya nyumba. Nitawataja kwa ujamaa wao, si kwa majina. Majina ninayo yote kichwani, hata la mbwa wa kapita, lakini watoto wao wako hai hapa Kolwezi na sipendi wakute majina ya wazazi wao katika karatasi yangu.

Wa kwanza ni mimi. Wa pili bwana yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye siku ile alikuwa bado na mwili wa kujaza mlango. Wa tatu ni jirani yangu, mke wa nyumba ya pili. Wote tulimwita Mama wa Mapasa, maana alizaa pacha, na kwetu mwanamke akizaa mapasa jina lake la zamani linapumzika. Wa nne bwana yake, mwenye mguu, yeye alikuwa akipanda juu ya mbao kufunga vyuma ambavyo bwana yangu alivichomelea. Wa tano kapita, mkubwa wa ekipe yao, yaani kundi lao la kazi. Huyo alioa dada ya bwana yangu, basi alikuwa shemeki ndani ya nyumba yetu. Wa sita ni mdogo wangu wa kiume, mwalimu kwa mapadri, ambaye kila Jumapili baada ya misa alikuja kula bukari, ugali wetu, kwangu.

Nyumba zetu zilikuwa mbili chini ya bati moja, ukuta katikati, upande wa Dilala. Zilikuwa za kampuni. Si ile kampuni kubwa ya migodi, hapana, ya kwetu ilikuwa ndogo, ya wajenzi waliotengeneza mitambo ya wengine. Lakini desturi ni moja: ukiwa na kontra, yaani mkataba wa kazi, uko na nyumba. Kontra ikiisha, unarudisha ufunguo.

Basi Jumapili ile bwana ya jirani alikuwa anarudia kutoka kilio cha msiba, huko upande wa ng'ambo ya reli, juu ya kinga yake. Wale wasiojua, kinga ni baiskeli. Kwenye kilio kulikuwa na pombe, na pombe ilikuwa imempanda kabla yeye hajapanda kinga. Mbele ya nyumba kuna mfereji wa maji ya mvua. Gurudumu la mbele liliingia mle. Tulisikia mfupa kwanza, kisha ndipo tukamsikia yeye.

Bwana yangu na kapita walimbeba. Mimi nilimfunga mguu kwa kitenge changu cha zamani na mbao mbili za sanduku. Mama wa Mapasa alitaka kukimbia kuita gari ya hospitali. Kapita alimshika mkono.

"Ngoja, mama. Usiite mutu. Leo ni siku ya Mungu, kazi inalala. Mutu akivunjika leo, amevunjika kwake."

"Sasa alale na maumivu?"

"Alale. Kesho asubuhi atavunjika muzuri."

Mwenye mguu mwenyewe alicheka na machozi yakimtoka. "Kapita, mi nilishavunjika. Unataka nivunjike mara ya pili?"

"Kesho utavunjika na bashahidi."

Wanaume wa kazi walikuwa na desturi hiyo, na hakuna aliyeiona kuwa wizi. Aliyeumia nyumbani alibebwa asubuhi, akalazwa kazini, akaumia pale. Niliona kwa macho yangu. Jumatatu jua lilikuwa halijatoka, wakaja wanne na kapita. Walimketisha mbele ya nyumba, wakamvalisha salopeti, nguo yake ya kazi. Kiatu kilikataa, mguu ulikuwa umevimba sawa mtungi, basi kapita aliomba kisu. Kisu kilikuwa changu, cha kukatia mboga. Walikata kiatu kutoka juu mpaka kwenye vidole, wakamvalisha hivyo, wakafunga na kamba. Walimketisha juu ya kinga, mmoja huku, mmoja huku, wakaenda. Walitundika kibati chake chenye namba kwenye msumari wa mlangoni, kuonyesha ameingia kazini, wakamlaza chini ya mbao, na kapita akapiga firimbi.

Jioni kapita alitusimulia. "Alilia muzuri sana. Hata mi niliamini."

Tukacheka, pande zote mbili za ukuta. Mimi nilicheka kuliko wote.

Hiyo ilikuwa wakati wa baridi, mwezi wa sita. Mvua zilipoanza, bwana yangu alianza kukohoa. Mwanzo nilisema ni vumbi. Kisha nikasema ni moshi wa kuchomelea. Yeye alisema ni kitu kidogo, na akaendelea kwenda, mpaka siku moja alirudishwa saa nne ya asubuhi, ameshikiliwa kwapani. Pale hospitalini walimpiga picha ya kifua, wakampa karatasi ya kupumzika. Mwezi ulipita, wakampa nyingine. Tena nyingine. Salopeti ilibaki kwenye msumari na kila mara nilipoitazama niliona imekua.

Mimi nilisoma kwa masista miaka mitatu tu, basi kontra ya bwana yangu sikuwahi kuisoma. Ilikuwa chini ya nguo, ndani ya valizi, sanduku letu la safari. Mdogo wangu mwalimu ndiye aliyeitoa Jumapili moja, akaisoma mstari kwa mstari, bwana yangu amelala upande wa ukuta akisikiliza.

"Yaya, sikia," mdogo wangu alisema, na kwetu yaya ni dada mkubwa. "Mutu akigonjwa, kontra haikufe. Inasimama. Bwana yako hatumike kazi, lakini ba kampuni beko naye bado. Mushahara wanakata fungu moja, mafungu mawili yanabaki. Nyumba inabaki. Munganga wa hospitali na dawa, ile ya kampuni."

"Mungu asifiwe."

"Ngoja. Inasimama miezi sita. Akigonjwa miezi sita mfululizo, bila kurudia kazi, kampuni iko na ruhusa ya kuandika mukanda, barua ya kumufukuza. Kontra imekwisha."

"Na nyumba?"

Alipindua ukurasa.

"Na jirani?" niliuliza. "Yeye amelala tangu baridi. Amepita hiyo miezi sita. Mbona hawakumuandikia mukanda?"

"Jirani ni aksida ya kazi, yaya, ajali ya kazini. Ile iko kwa ukurasa mwingine. Kwa aksida ya kazi hawahesabu miezi. Wanangoja mpaka mutu apone."

Bwana yangu alikohoa, kisha akasema, akiwa bado ametazama ukuta, "Nilipaswa kuanguka pamoja naye ndani ya mfereji."

Mdogo wangu alicheka. Mimi sikucheka. Tangu Jumapili ile wivu uliingia ndani yangu, ukakaa.

Nimesikia juu ya wanawake walioona wivu kwa mume wa mtu, kwa nguo, kwa gari. Mimi niliona wivu kwa mguu. Mguu wenyewe ulikuwa umeoza ndani, mfupa ulikataa kuungana, walimpasua mara mbili. Mchana, wanaume wote wakiwa kazini, mtaa wetu ulibaki na sauti mbili: kwangu kikohozi, kwake redio. Wagonjwa wawili, wamelala vichwa kwa ukuta mmoja. Mmoja ana kontra inayongoja, wa pili ana kontra inayohesabu. Delege, mwakilishi wa wafanyakazi, alipokuja kutazama wagonjwa, kwa jirani alikaa, alikunywa chai, aliuliza hata habari za mapasa. Kwangu alisimama mlangoni, kwa sababu ya kikohozi. Kampuni ilimletea jirani magongo mawili mapya ya kutembelea, yameng'arishwa. Nani analeta gongo la mapafu?

Hata salongo, kazi ya bure ya serikali. Siku zile kila Jumamosi tulitoka wote na majembe kufagia njia na kuzibua mifereji. Mkubwa wa barabara yetu alimwambia Mama wa Mapasa: "We mama ukae tu, bwana yako aliumia ku kazi ya taifa." Mimi aliniambia: "Na we, jembe yako iko wapi?" Nikazibua mfereji. Mfereji uleule! Nilikuwa natoa matope pale pale gurudumu lilipoingia, na yeye ameketi kivulini anasuka nywele za mtoto, ananiita, "Pole mukwetu, pole na jua."

Naye alikuwa mwema kwangu, hilo ndilo liliniumiza. Alikuja na kinu chake, tukatwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja, na alilalamika mbele yangu.

"Mukwetu, hii mguu inanuka. Jana walitoa kipande cha mufupa, sawa kidole."

"Pole."

"Munganga anasema mwaka mwingine muzima. Mwaka! Mi nitafanya namna gani?"

Mwaka mzima, nilisema moyoni. Mwaka mzima ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi miwili.

"We uko na bahati," nikamwambia.

Aliacha mchi juu. "Bahati gani, mama? Bahati ya mufupa?"

"Ya mufupa, ndiyo."

Akacheka mpaka akashika ubavu, akidhani namtania. Nikacheka pia. Tukatwanga.

Msidhani nilikaa tu na wivu. Nilitafuta njia. Kwanza nilienda kwa munganga kumwomba aandike kwamba ni moshi wa kazi ulioharibu mapafu. Alinitazama kwa upole, akasema ugonjwa huu anauona hata kwa wauza sokoni ambao hawajawahi kushika chuma, hawezi kuandika asichokijua. Kisha mdogo wangu mwalimu alirudi kwenye ile kontra na kidole chake.

"Yaya, hapa wanasema miezi sita mfululizo. Mfululizo! Akirudia kazi katikati, hata kidogo, hesabu inakatika. Inaanza upya tangu moja."

"Hata juma moja?"

"Hata juma moja, kama jina lake linaandikwa amekuya."

Tulimwita kapita. Alikuja, alikula, alisikiliza. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Alimtazama bwana yangu, kaka ya mke wake, akahesabu na vidole juu ya goti.

"Inawezekana," alisema. "Juma ya mwisho kabla ya miezi sita. Munganga tutamwomba karatasi ya kazi nyepesi. Akikatala, mi mwenyewe nitatundika kibati yake. Shemeki atakaa ndani ya magazini ya vyombo, juu ya kiti, atachagua misumari. Mirefu huku, mifupi huku. Akichoka, alale juu ya magunia. Ekipe yangu haina kinywa."

Bwana yangu alimshika mkono, hakumwachia. Nilitoka nje nikaenda kulia nyuma ya nyumba, lakini kulia kwa furaha. Dawa zilikuwa zimeanza kumsaidia kidogo, siku nyingine alitembea mpaka bombani. Nilisema, tukipata miezi sita mingine huyu mtu atapona na atarudi kuchomelea. Nyumba yetu yote ilikuwa imetundikwa juu ya kibati kile.

Sasa nifike kwa siku ya kitenge.

Kulikuwa na mfanyabiashara sokoni, Mwislamu mmoja kutoka mashariki, mtu mwenye adabu, aliyeleta vitenge vizuri kuliko wote. Mama wa Mapasa alipata malipo ya mguu wa bwana yake, akaenda, akarudi na kitenge cha rangi ya kijani chenye ndege wekundu. Alishona nguo yake, akamshonea na bwana yake shati ya kitambaa kilekile. Jumapili waliketi wote wawili mbele ya mlango, kijani na kijani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda sawa mgeni wa heshima. Watu walipita wakawasalimu. "Eee, bibi na bwana harusi!" Kapita naye alipita, akawatania: "Nani alikuambia mutu anavunjika mara moja? Vunja na ule wa pili, upate suruali!"

Bwana yangu alikuwa ndani, ananitemea kikombeni.

Sitajitetea. Ningeweza kusema sikulala, au kichwa kiliniuma. Nililala vizuri. Asubuhi nilioga, nilivaa, nikachukua karatasi mpya ya munganga, nikaenda biro, ofisi ya kampuni, kuipeleka kama kila mwezi. Niliondoka nyumbani na karatasi tu. Hayo mengine sikujua kama nimeyabeba.

Karani alikuwa kijana mwenye abakosti, koti la siku zile lisilo na tai, iliyopigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Siku zile hatukuitwa tena madamu, sote tulikuwa citoyen na citoyenne, yaani raia. Alipokea karatasi, akaandika kitabuni.

"Citoyenne, bwana yako amebakiza majuma matatu. Ninakuambia mapema ujitayarishe."

"Majuma matatu. Na jirani yangu?"

"Jirani gani?"

"Wa mguu."

"Ule ni aksida ya kazi. Kwake hatuhesabu."

"Wote wawili wanalala. Wote wawili hawatumike. Mmoja unamuhesabu, wa pili unamuacha."

"Si mi. Ni kontra. Ule aliangukia ku kazi."

"Na kama hakuangukia ku kazi?"

Kalamu yake ilisimama. Bado ningeweza kunyamaza. Ningesema nilikuwa nauliza tu, angecheka, ningeenda zangu.

"Nani hakuangukia ku kazi, citoyenne?"

"Mi sisemi kitu. We uliza kiatu kilikatwa wapi."

"Kiatu gani?"

"Uliza tu."

Nikafunga kitenge changu, nikatoka. Njia yote nilitembea haraka, na nitasema ukweli, nilikuwa naona mwili mwepesi. Nilipita sokoni, nikanunua dagaa. Nilipofika karibu na mfereji ndipo nikapunguza mwendo, maana Mama wa Mapasa alikuwa pale mlangoni kwangu, anampa bwana yangu uji.

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu watu wawili wa biro waliingia kazini, wakatazama zile mbao, wakaita ekipe mmoja mmoja. Kiatu kilikatwa wapi? Wote walisema hospitalini, wauguzi walikikata. Walienda hospitalini. Hospitalini hakuna aliyekumbuka kiatu cha mtu. Karatasi ya aksida ilikuwa imepigwa muhuri tangu baridi, na hakuna mkubwa aliyetaka kuamsha karatasi iliyolala na muhuri wake. Basi wakaiacha. Mguu ulibaki mguu wa kazi. Jirani yangu hakupoteza hata kijiko.

Lakini tangu siku ile biro iliweka mtu wake mlangoni. Kila asubuhi vibati vilihesabiwa, kibati na uso, kibati na uso.

Kapita alikuja kwetu jioni. Nilimpa kiti, hakuketi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akisema na bwana yangu lakini akitazama meko yangu.

"Shemeki, ile mambo yetu, haiwezekane tena. Wanahesabu nyuso. Nikitundika kibati yako, mi na batu yangu munane tutafukuzwa."

Bwana yangu aliinuka kwa kiwiko. "Nini ilitokea?"

"Mutu alisema mambo ya kiatu."

"Nani?"

Nilikuwa nasonga bukari, nikaendelea kusonga, ingawa ilikuwa imeiva.

"Kiatu kilikatwa hapa inje," alisema. "Bale walikiona, ninabajua. Ekipe yangu haikusema, sababu itajikata shingo yenyewe. Mwenye mguu hakusema." Akavaa kofia. "Mama, asante, leo sitakula."

Alipoondoka, bwana yangu alilala tena. Baada ya muda aliniuliza, "Nani anaweza kufanya vile?"

"Sijue," nikamwambia.

"Atakuwa mutu mwenye shida kubwa sana," alisema. Akageukia ukuta.

Kufukuzwa ningeweza kustahimili. Neno lile sikuweza, na silistahimili hata leo. Angalisema mchawi, angalisema nyoka, ningepumua. Alimhurumia.

Kulipobaki siku nne, aliamka asubuhi akaomba salopeti. Nikamwambia unaenda wapi. Akasema, "Kazi." Nilimvalisha. Ilikuwa kubwa, tuliifunga kiunoni na kamba. Alitembea peke yake, akikataa nimshike, akipumzika kwenye kila mti. Nilimfuata nyuma sawa mtu anayefuata kuku anayetaka kutaga mbali. Mlangoni mtu wa biro alimuuliza, "Mzee, unatafuta nani?" Mzee! Hakuwa na miaka arobaini na tano.

"Ninatafuta kibati yangu."

"Leta karatasi ya munganga inayosema umepona."

"Mi nimepona. Niko hapa, unaniona."

Kisha kikohozi kikamkamata, palepale, mbele ya watu, kikamkunja mpaka mikono ikagusa magoti. Mtu wa mlangoni hakuwa mbaya. Alimletea maji. Lakini kitabuni hakuandika kitu. Muuza makaa mmoja alitubebea mgonjwa juu ya kinga yake mpaka nyumbani.

Mukanda ulikuja juma lile lile. Mdogo wangu aliusoma. Ulikuwa na maneno ya heshima: kampuni inamshukuru kwa kazi yake ya miaka mingi, kampuni inasikitika. Walitulipa kile kontra iliandika, wakatupa muda wa kutoka nyumbani, nao ulikuwa muda wa haki. Siwezi kusema walituibia. Walifuata karatasi. Hesabu tu haikupata mtu wa kuikata, na mtu wa kuikata nilikuwa nimemfunga mikono mimi.

Siku ya kuhama Mama wa Mapasa alibeba mbabula yangu, jiko la makaa, kichwani, mtoto mmoja mgongoni, akaenda nasi mguu kwa mguu mpaka kwa mdogo wangu mwalimu, ambaye alitupa chumba nyuma ya nyumba yake. Jirani alilia njia nzima. Alilia mpaka watu waliosimama kando walimpa pole yeye, wakidhani ndiye aliyefukuzwa. Mimi nilitembea na valizi, macho makavu. Mtaniona mtu gani sijui, lakini niliona wivu hata kwa yale machozi. Nilisema moyoni, tazama, na kilio changu amekichukua.

Bwana yangu aliishi mvua mbili tu kwa mdogo wangu. Bwana ya jirani mguu ulipona ukiwa mfupi, kampuni ikampa kiti cha mlinzi langoni, akakaa pale mpaka uzee. Mapasa walisomea nyumba ile, wakafunga ndoa wakitoka nyumba ile. Nilienda kuwaona kila sikukuu, na vitu viwili viwili, maana mapasa hawapewi kimoja. Nilikaa upande wao wa ukuta, na ng'ambo nilisikia sauti za watu wengine, wageni, wakicheka ndani ya chumba changu. Mama wa Mapasa alinipa daima kiti kizuri. Hakuniuliza kitu hata mara moja. Hakujua. Kapita pia, tulipokutana kwenye vilio, alinisalimu "mama" na kuangalia pembeni, na dada ya bwana yangu hakubadilika kwangu, ndipo ninadhani kapita hakumwambia hata mke wake.

Mama wa Mapasa alizikwa mwaka jana. Niliketi na wanawake chini, kwenye mkeka, siku tatu. Nilikuwa nimejiambia nitalisema mbele ya mwili wake, kwa sauti ndogo, hata kama hasikii. Nilipoinama, nikaona wamemfunika kitenge kizuri na wajukuu wamejaa, na kitu cha zamani kikanichoma tena hapa, na maneno yakarudi ndani. Kwa hiyo ninaandika.

Ninyi mliokuwa upande wetu miaka ile, mnaosoma hii au mnaosomewa, nisahihisheni. Nimesema ekipe ya kapita ilikuwa watu wanane, labda walikuwa tisa. Kitenge kilikuwa na ndege, au labda yalikuwa majani mekundu, macho yangu siku ile hayakuwa ya kuaminiwa. Kama kulikuwa na mtu mwingine mbele ya nyumba Jumapili ile, nami nimemsahau, mniambie nimwongeze. Lakini zaidi ya yote, kama kuna mmoja wenu ambaye Mama wa Mapasa alimwambia kitu juu yangu, juu ya biro, juu ya kiatu, hata neno moja, aje kwangu aniambie kama alijua. Nimeandika kwamba hakujua. Hapo ndipo ningependa zaidi kujua kama nimekosea.